Saratani ya taya kwa watoto (Burkitt): dawa ilianzia kwetu, mbona wanaopona zaidi ni wa kwao?

#1 Mama_wa_Wawili
Wakuu, habari za muda huu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana limenikaa kooni.

Mtoto wa dada yangu ana miaka sita. Mwezi wa pili alianza kulalamika jino, shavu la kushoto likavimba. Zahanati wakampa antibayotiki. Wiki iliyofuata meno mawili ya nyuma yakawa yanacheza, ukiyagusa kwa kidole yanasogea kama yamepandwa kwenye uji. Yakang'olewa. Uvimbe haukushuka, ulizidi. Na nikisema ulizidi sisemi kwa mwezi: Ijumaa mtoto alikuwa anafumba mdomo, Jumatatu hafumbi. Hospitali kubwa wakakata kinyama, tukasubiri majibu siku kumi na tisa, ndipo tukaambiwa ni limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu. Sasa yuko wodini, amemaliza mzunguko wa kwanza wa kemo na uvimbe umenywea mpaka nimelia mbele za watu.

Kilichonifanya nifungue uzi ni maneno ya daktari. Anasema ugonjwa huu ulitambuliwa Kampala, dawa zikajaribiwa kwa watoto wa Uganda na Kenya miaka ya 1960, na wapo waliopona kwa sindano chache tu. Leo Ulaya na Marekani wanapona zaidi ya 90 katika kila 100. Kwetu takwimu ninazozisikia ni kati ya 30 na 60, inategemea kituo. Ugonjwa uleule, jina lilelile. Tumekwama wapi? Na hawa watafiti wa nchi mbalimbali wanaoshirikiana na kuchukua damu wodini, mtoto wetu anafaidika nini?

#2 Kijana_wa_Stendi
Pole sana dada, Mungu amsimamie mtoto. Naweka kambi hapa, nataka kujifunza.

#3 Historia_Hai
Pole mleta mada. Nianze na historia kidogo. Denis Burkitt alikuwa daktari Mwingereza hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa wodini kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Hakuelewa. Wiki chache baadaye akiwa Jinja akachungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye sura ileile. Akaanza kukusanya kumbukumbu, mwaka 1958 akaandika kwenye jarida la upasuaji la Uingereza. Baadaye akagundua kirusi kinachosababisha. Kwa hiyo ni kweli, kila kitu kilianzia hapa kwetu.

#4 Mtu_wa_Hadubini
Historia_Hai umeanza vizuri ila nirekebishe mawili. Burkitt alikuwa mtu wa Ireland, mzaliwa wa Enniskillen. Na kirusi hakukigundua yeye. Yeye alikuwa mpasuaji.

Ilikuwa hivi. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London. Kwenye viti alikuwepo Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi vya kuku vinavyoleta saratani. Akatoka pale amewaka, wakakubaliana vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Karibu miaka miwili hawakupata kitu. Desemba 1963 ndege ikashindwa kutua London kwa ukungu, ikapelekwa Manchester, kifurushi kikafika jioni kimechelewa. Maji yaliyobeba kile kinyama nayo yalikuwa yametibuka kama ukungu. Mtu yeyote wa maabara angesema bakteria wameingia, mwaga. Epstein akachukua tone moja akatazama kwenye hadubini: ni seli za uvimbe, zimejitenga zenyewe, zinaelea hai. Zile ndizo walizofanikiwa kuzikuza maabara, na Februari 1964 wakakiona kirusi ndani yake. Machi 1964 wakachapisha Epstein, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr. Ndiyo maana kinaitwa virusi vya Epstein-Barr, EBV.

Nimefanya kazi maabara ya patholojia miaka kumi na minne na hiyo hadithi nawasimulia wanafunzi wote, kwa sababu moja: usimwage sampuli kabla hujaitazama.

#5 Historia_Hai
Asante mkuu, nimesahihishwa. Hiyo ya ukungu sikuwa naijua.

#6 Mzee_Kobe
Msisahau safari! Oktoba 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walitoka Kampala na gari la Ford lililokwishatumika, walilinunua pauni 250. Wiki kumi, maili kama 10,000, mpaka kusini kabisa na kurudi. Kila hospitali wanaingia na picha mkononi: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Anayesema ndiyo wanaweka alama kwenye ramani, anayesema hapana wanaweka alama. Williams alikuwa fundi mzuri wa magari, bila yeye wangelala porini.

Ramani ilipokamilika ukaonekana mkanda unaopita katikati ya Afrika. Nyanda za juu kwenye baridi, hakuna. Mahali pakavu, hakuna. Penye joto na mvua, upo.

#7 Kijana_wa_Stendi
Mzee Kobe, kila uzi lazima utafute gari! Ule wa bei ya mahindi uliishia kwenye Leyland.

#8 Mzee_Kobe
Kijana, bila gari hiyo ramani isingekuwepo. Heshimu magari 😀

#9 Mpemba_Halisi
Assalaam alaykum. Hapo kwenye ramani pana jambo letu. Zanzibar kuna joto, mvua za kutosha, tuko usawa wa bahari, kwa hesabu ile tulitakiwa tuwemo ndani ya mkanda. Lakini Burkitt alituona hatumo. Kilichokuwa tofauti visiwani wakati ule ni kampeni ya malaria, mbu walipigwa dawa kwelikweli. Ndipo wataalamu, Gilbert Dalldorf mmoja wao, wakasema huenda ramani ya Burkitt si ya mvua bali ya malaria. Mbu wa malaria ndiye anayetaka joto na maji.

#10 Kijana_wa_Stendi
Kwa hiyo mbu anaambukiza saratani? Hapo nimeogopa.

#11 Mtu_wa_Hadubini
Hapana. Mwanzoni Burkitt mwenyewe alidhani labda mdudu anabeba kirusi, lakini EBV haibebwi na mbu. Inapita kwenye mate, na karibu watu wazima wote duniani wanayo, wewe na mimi tukiwemo. Ulaya mtu akiipata ukubwani anaweza kupata homa ya tezi, anaugua wiki kadhaa anapona. Saratani yenyewe haiambukizi, mtoto akae na wenzake, acheze, ale sahani moja nao.

Kwa watoto wa ukanda wa malaria kali, kirusi kinaingia wakiwa wachanga, halafu malaria ya mara kwa mara inachosha kinga na inafanya seli B, aina ya chembe nyeupe za kinga, zizaliane mfululizo. Katika kuzaliana huko ajali inatokea: kipande cha kromosomu namba 8 kinahamia kwenye namba 14, jeni linaloitwa MYC linabaki limewashwa halizimiki. Watafiti waliolinganisha watoto wa Kisumu na wa Nandi, bondeni na mlimani, waliona wa Kisumu wanapata EBV mapema zaidi na kinga yao dhidi ya kirusi hicho ni dhaifu zaidi.

Lakini kwa nini mtoto mmoja kati ya maelfu wenye malaria na EBV, na si jirani yake? Hapo kila mtafiti ana jibu lake.

#12 Nesi_wa_Zamu
Pole sana mama. Niko wodi ya watoto ya saratani, naomba nirudi kwenye swali lako maana tumeshafika kwenye kromosomu.

Mimi naona wanafika wamechelewa, basi. Uvimbe huu unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja hadi mbili. Hakuna saratani ya binadamu ninayoijua inayokimbia hivyo. Mtoto anapitia duka la dawa, zahanati, fundi wa meno, mganga, maombi, halafu kwetu. Akifika jicho limetoka nje, au tumbo limejaa, au miguu haisimami kwa sababu uvimbe umebana uti wa mgongo. Anayefika na taya tu, hajapoteza uzito, huyo mara nyingi namwona tena kliniki mwaka unaofuata amevaa sare za shule.

Na watu hawajui hatari ya siku tatu za kwanza. Dawa inaua seli nyingi kwa mpigo, zinamwaga potasiamu na asidi ya yuriki kwenye damu, figo zinaziba. Kwa hiyo tunaanza maji ya dripu na alopurinoli, dawa ya kupunguza hiyo asidi, kabla ya kemo, na mkojo tunaupima kwenye chupa, usiku kucha. Zamu moja nilikuwa na watoto ishirini na wawili na mwenzangu mmoja. Ninapima mkojo wa huyu, yule anatapika, wa pembeni dripu imetoka. Ulaya mtoto kama huyo analala ICU. Hapo ndipo wengine tunawapotezea, si kwa saratani, kwa figo.

#13 Mama_wa_Wawili
Nesi, asante. Sasa naelewa kwa nini walikuwa wanagombana na dada kuhusu chupa ya mkojo. Alikuwa anaumwaga akidhani anasaidia usafi.

#14 Mtu_wa_Hadubini
Nesi wa Zamu nakuheshimu ila sikubali kwamba ni wazazi kuchelewa. Soma tena #1. Wamefika hospitali, wakakata kinyama, wakasubiri siku KUMI NA TISA. Uvimbe unaoongezeka mara mbili kwa siku mbili! Huo si uchelewaji wa mama, ni wetu sisi wa maabara.

Kinyama kinaingia kwenye fomalini, kinasafirishwa, kinawekwa kwenye nta, kinakatwa wembamba kuliko karatasi, kinapakwa rangi. Slaidi ya Burkitt ikiwa nzuri unaitambua haraka: uwanja mweusi wa seli zilizobanana, na katikati vidoa vyeupe vya seli walaji, kama anga la usiku lenye nyota. Lakini fomalini ikiwa mbaya au kinyama kikikaa kwenye joto, nyota huzioni. Unahitaji vipimo vya ziada na vitendanishi, zile kemikali za vipimo, vimeisha. Daktari wa patholojia ni mmoja, ana trei tatu za slaidi mbele yake. Wengine wanatibiwa Burkitt kumbe siyo, wengine wana Burkitt wanatibiwa kifua kikuu cha tezi.

Na hapa ndipo ushirikiano unapoleta faida ninayoiona kwa macho. Ulianzishwa mradi wa utafiti wa limfoma, AI-REAL, uliounganisha Chuo Kikuu cha Oxford na hospitali za Tanzania na Uganda. Wazo lao: uvimbe unamwaga vipande vya DNA yake kwenye damu, kwa hiyo chukua damu ya mkono, tafuta DNA ya EBV na ile ajali ya MYC, upate jibu kwa siku chache bila kusubiri kisu. Mama, ile damu waliyochukua wodini huenda ni ya kazi kama hiyo.

#15 Mbishi_wa_Haki
Samahanini, mimi nitasema lisilopendeza. Miaka sitini damu na vinyama vinapanda ndege. Epstein akapata jina, Burkitt akapata jina, maprofesa wakapata vyeo, tuzo zikatoka. Mtoto aliyetoa kile kinyama cha ukungu anaitwa nani? Nani anajua kama alipona? West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, walichukua damu ya watoto takriban 42,000 kuanzia 1972 wakasubiri kuona nani ataugua. Ilithibitisha kwamba wenye kingamwili nyingi za EBV wanaugua zaidi. Vizuri. Lakini eneo hilo lilibaki na nini? Hata ile hospitali ya saratani Kampala imejengwa na Wamarekani 2015.

#16 Historia_Hai
Mbishi, la mwisho si sahihi. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza 1967, kama kituo cha kutibu limfoma, kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani. Kilichofunguliwa 2015 ni jengo la ushirikiano wao na kituo cha saratani cha Fred Hutch cha Seattle, Marekani. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa John Ziegler, kijana wa Kimarekani, na wakati wa Amin Wamarekani walipoondoka Charles Olweny, Mganda, akashika usukani na wodi haikufungwa. Na kuhusu tuzo, ile ya Lasker ya 1972, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba ya Marekani, ilikuwa na jina la Mwafrika pia, Victor Anomah Ngu wa Kameruni. Na aliyeongoza EMBLEM, ule utafiti wa Burkitt wa Uganda, Kenya na Tanzania, Sam Mbulaiteye, alisomea udaktari Makerere.

#17 Mbishi_wa_Haki
Nimekubali kuhusu jengo. Swali langu kuhusu jina la mtoto bado lipo.

#18 Babu_wa_Kiira
Wanangu, huwa nasoma tu humu siandiki. Leo nitaandika.

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka saba. Taya langu la kulia lilivimba hivi kwamba mama alikuwa ananilisha kwa kijiko cha chai akikipitisha pembeni. Baba alinipakia kwenye basi hadi Kampala. Nakumbuka wodi ndogo, vitanda vya chuma, na daktari mrefu mweupe aliyekuwa anachuchumaa ili uso wake uwe sawa na wangu. Nakumbuka sindano ya mgongoni zaidi ya zote. Unakunjwa kama mtoto tumboni, nesi anakushika kichwa na magoti, unaambiwa usitikisike. Sindano ya kwanza ya mkononi niliichomwa asubuhi, na siku ya nne mama alikuwa ananiambia nifungue mdomo aone, nifunge, nifungue tena. Alikuwa haamini.

Kitanda cha pili alikuwepo mvulana tuliyekuwa tunacheza naye vifuniko vya soda. Naye taya lilinywea kama langu. Baada ya miezi akarudi hawezi kufumba jicho, ugonjwa umeingia kichwani. Hakutoka tena. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba zile sindano za mgongo zilikuwa ni kwa ajili hiyo, walikuwa wameona watoto wanapona taya halafu ugonjwa unatokea kwenye ubongo ambako dawa ya mkononi haifiki vizuri.

Mbishi, mwanangu, jina la yule mvulana ninalijua. Sitaliandika hapa kwa sababu ndugu zake wapo. Lakini halijapotea.

Nina wajukuu watano.

#19 Mbishi_wa_Haki
Babu, shikamoo. Asante kwa kuniambia.

#20 Nesi_wa_Zamu
Shikamoo babu. Nitawasomea akina mama wodini kesho hiki ulichoandika, kwa ruhusa yako.

#21 Babu_wa_Kiira
Marahaba wanangu. Wasomee.

#22 Kijana_wa_Stendi
Nimesoma #18 ndani ya daladala, nikapitiliza kituo. Babu uishi sana.

Swali: kama 1971 walikuwa wanaponya kwa sindano chache, mbona sasa kemo ni mizunguko mingi? Dawa zimepungua nguvu?

#23 Daktari_Mwanafunzi
Dawa hazijapungua nguvu. Babu ni mmoja wa waliobahatika, na mvulana wa kitanda cha pili ni upande wa pili wa hesabu hiyohiyo.

Mulago wakati ule haikuwa na mashine ya mionzi, ndiyo maana Burkitt akajaribu dawa. Joseph Burchenal wa New York alisaidia kuleta methotreksati, na Peter Clifford naye alikuwa anajaribu dawa Nairobi. Saiklofosfamaidi ikaonekana kuyeyusha uvimbe kwa siku chache, hata dozi moja. Wengine walipona kabisa. Lakini wengi ugonjwa ulirudi. Nchi tajiri zilipoona hivyo zikaongeza: dawa nyingi kwa pamoja, dozi nzito, karibukaribu. Mtoto anaachwa bila chembe nyeupe za damu kwa siku nyingi, lakini ana chumba chake, antibayotiki kali, damu na chembe sahani muda wote. Ndipo 90 yao ilipotoka.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada ni tofauti na la Nesi na la Mtu wa Hadubini. Hata angefika siku ya kwanza, hata majibu yangetoka kesho yake, dozi ya Ulaya hatuwezi kuitoa, kwa sababu mtoto mwenye utapiamlo na malaria bila huduma hizo atakufa kwa dawa. Tunatoa dozi anayoweza kuihimili, na dozi hiyo ina kikomo.

Kikomo hicho hakijakaa palepale. Vituo vya Tanzania, Kenya na Nigeria viliwahi kuungana chini ya INCTR, mtandao wa kimataifa wa tiba na utafiti wa saratani, wakatumia mpango mmoja: saiklofosfamaidi, vinkristini, methotreksati na sindano za mgongo, na ugonjwa ukirudi kuna mpango wa pili ulioandaliwa. Wagonjwa zaidi ya 350. Miaka miwili baadaye kama 62 katika kila 100 walikuwa hai. Twalib Ngoma wa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, alikuwa mmoja wa waliouongoza. Hakuna kituo kimoja ambacho kingepata idadi hiyo peke yake kwa muda ule.

Huko kwao ni vilevile. Burkitt kwao ni adimu. Walipotaka kujua kama kuongeza rituksimabu, dawa inayolenga seli B, kunasaidia watoto walio kwenye hatari kubwa, ilibidi nchi 12 ziungane ili wapate wagonjwa 328. Waliopata rituksimabu, karibu 94 katika 100 walikuwa salama baada ya miaka mitatu, wasioipata, 82. Tofauti hiyo usingeiona ukiwa na wagonjwa kumi na watano wa hospitali yako.

#24 Mtu_wa_Hadubini
Daktari Mwanafunzi, takwimu sawa, ila 62 hiyo ni ya walioingia kwenye utafiti, waliofuatiliwa simu kwa simu na dawa zipo. Nje ya utafiti usitarajie iwe ileile.

#25 Daktari_Mwanafunzi
Kweli kabisa. Na hilo lenyewe linaniambia kitu: dawa zilezile, watoto walewale, kilichoongezeka ni ufuatiliaji.

#26 Atieno_wa_Ziwa
Hamjambo. Mimi niko upande wa Kenya, kando ya ziwa. Nimesoma yote na hakuna aliyetaja nauli.

Mtoto wangu aliugua miaka tisa iliyopita. Mzunguko wa kwanza tukaenda. Wa pili tukaenda. Uvimbe ukaisha kabisa, shavu likarudi laini, akaanza kukimbia na wenzake. Wa tatu sikuwa na nauli. Nilikuwa nimeuza mbuzi, nimekopa kwa chama, na nyumbani nimeacha wawili na jirani kwa wiki tatu. Nikajiambia, si amepona? Nitapeleka mwezi ujao. Mwezi ujao ulifika akiwa haoni jicho moja.

Sikuwa mjinga na sikuwa mzembe. Mtoto alikuwa anakimbia.

Siku niliyorudi hospitali daktari mmoja aliniambia mbele ya wengine kwamba nimemuua mwanangu. Alikuwa bado hai akinisikia. Sasa ninajitolea na kikundi cha wazazi, tunapiga simu siku tatu kabla ya tarehe ya kila mtoto. Tunauliza swali moja: nauli ipo? Kama haipo tunachanga. Nyinyi mnaongea MYC, mnaongea rituksimabu, na ni sawa. Mimi nimeona watoto wakipona kwa nauli.

#27 Mama_wa_Wawili
Dada Atieno nimekosa la kusema. Pole haitoshi.

#28 Nesi_wa_Zamu
Atieno, kwa niaba ya sisi wa wodini, nakuomba radhi kwa maneno yale. Hakupaswa kuyasema. Na nirekebishe #12 yangu, niliandika "wamechelewa, basi". Si basi.

#29 Msukuma_Mtafiti
Habari wadau. Huku kwetu wazee wanasema ni minyaa, ile miti ya uzio yenye utomvu mweupe. Watoto wanachezea. Nilipuuza, lakini nikasikia kuna wanasayansi nao wanalisema. Kuna ukweli?

#30 Mtu_wa_Hadubini
Upo wa kiasi. Utomvu wa mnyaa maabara unaamsha EBV iliyolala ndani ya seli, hilo limeonekana tangu miaka ya 1980, watafiti wa Japani wakiwa mstari wa mbele. Lakini kutoka kwenye kikombe cha maabara hadi mtoto anayecheza uani ni mbali. Na minyaa ipo pia mahali ambako Burkitt haipo.

#31 Mpemba_Halisi
Mie nabaki na malaria. Ondoa malaria, ugonjwa utapungua.

#32 Mtu_wa_Hadubini
Walijaribu kulithibitisha hilo hapahapa. Mara Kaskazini, Tanzania, 1977 hadi 1982, watoto chini ya miaka kumi walipewa klorokwini, dawa ya malaria, kuona kama Burkitt itashuka. Ilishuka. Tatizo, ilikuwa imeanza kushuka kabla dawa haijagawiwa. Kwa hiyo anayeamini malaria anautaja utafiti huo, na asiyeamini naye anautaja huohuo.

#33 Mpemba_Halisi
Basi nimo kundi la kwanza 😀 Visiwani kwetu ni ushahidi.

#34 Mzee_Kobe
Na gari la Ford pia lilikuwa ushahidi.

#35 Mbishi_wa_Haki
Nirudi kidogo, nimewaza tangu jana. Sipingi ushirikiano. Ninachotaka ni kwamba mtafiti akija na friza la sampuli aje pia na bajeti ya nauli ya Atieno na ya vitendanishi vya Mtu wa Hadubini. Iandikwe kwenye mkataba, siyo hisani. Daktari Mwanafunzi amesema mwenyewe kwenye #25 kwamba kilichoongezeka ni ufuatiliaji. Basi ufuatiliaji uwe sehemu ya dawa.

#36 Daktari_Mwanafunzi
Hapo tuko pamoja. Ila utafiti una mwisho wa fedha, miaka mitatu au mitano. Ukiisha nauli inaisha nayo. Hilo lazima lilipwe na bajeti ya afya ya nchi.

#37 Mbishi_wa_Haki
Naam, na tusiache kuwadai.

#38 Mama_wa_Wawili
Wakuu, mrejesho. Mzunguko wa pili umekwisha. Sindano ya mgongo amechomwa mara mbili, ya pili hakulia, alimshika dada kidole mpaka kikawa cheupe. Vidonda vya mdomoni vinamsumbua, hali chochote cha moto. Uvimbe siuoni tena kwa macho, ukibonyeza tu ndiyo unahisi ugumu kidogo chini ya sikio. Jana ameanza kuuliza lini tunarudi nyumbani na kusema amepona.

#39 Nesi_wa_Zamu
Vidonda: asukutue na maji ya chumvi vuguvugu kila baada ya kula na kabla ya kulala, mswaki laini, uji uliopoa. Akipata homa hata usiku wa manane mrudisheni papo hapo, msisubiri asubuhi wala panadol. Chembe nyeupe ziko chini sasa hivi.

#40 Atieno_wa_Ziwa
Mama wa Wawili, akisema amepona mwambie ndiyo, halafu umpeleke. Mzunguko wa tatu ni tarehe ngapi?

#41 Mama_wa_Wawili
Alhamisi ijayo, saa mbili asubuhi. Nauli ipo dada, nimeifunga kwenye kitambaa nimempa shemeji aishike.

#42 Atieno_wa_Ziwa
Nitakupigia Jumatatu. Nitumie namba faraghani.